Alizeti ya Singida na Migogoro ya Ubepari

Kila mwaka, katikati ya mwezi wa Juni, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja katika Kanda ya Kati. Kule Dodoma, Waziri wa Fedha husimama Bungeni kusoma bajeti ya Serikali. Huku Singida, tangu Shelui mpaka Itigi, wakulima huwa wanapiga alizeti yao, wanaipeta na kutafuta magunia. Mambo hayo mawili huonekana kama kwamba hayahusiani. Sisi tunasema yanahusiana sana. Na tena tunasema kwamba mtu akitaka kuielewa migogoro ya uchumi iliyoikumba dunia baada ya janga la Korona, halazimiki kuanza na vitabu vya London au Washington. Anaweza kuanza na gunia la alizeti.

Tukumbushane kwanza matukio. Tarehe 11 Machi, 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi ya Korona yameenea ulimwengu mzima. Siku tano baadaye mgonjwa wa kwanza akatangazwa hapa Tanzania. Nchi zikafunga mipaka, meli zikapungua bandarini, ndege zikalala uwanjani. Ukuaji wa pato la Taifa letu, uliokuwa asilimia 7.0 mwaka 2019, ukashuka hadi asilimia 4.8 mwaka 2020. Nchi nyingi duniani hazikukua kabisa mwaka huo, bali zilirudi nyuma.

Lakini mwananchi wa kawaida hausikii mgogoro wa uchumi kwa njia ya asilimia. Husikia dukani. Na dukani, mwaka 2021 na mwaka 2022, kitu kilichompigia kelele kuliko vyote kilikuwa ni mafuta ya kula. Bei ilipanda mwezi hata mwezi. Mama aliyezoea kununua lita nzima akaanza kununua nusu, na aliyekuwa akinunua nusu akaanza kupimiwa kikombe. Mama lishe akapunguza maandazi, au akayapunguza ukubwa.

Hapo ndipo linapozuka swali letu. Mkoa wa Singida ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kilimo cha alizeti. Mjini Singida mashine za kukamua zimesimama mtaa kwa mtaa, na abiria wa mabasi ya Mwanza na Arusha hununua madumu ya mafuta kando ya barabara kuu. Ilikuwaje basi, maradhi yaliyotokea ng'ambo ya bahari yapandishe bei ya mafuta katika mji unaokamua mafuta?

Jibu la kwanza ni la hesabu tu. Kwa tarakimu zilizotolewa na Serikali katika miaka hiyo, mahitaji ya nchi yalikuwa yapata tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, na uzalishaji wa ndani ulikuwa yapata tani 205,000. Sehemu kubwa iliyobaki iliagizwa kutoka nje, na hayo yalikuwa hasa mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, nchi mbili zinazotoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani. Mwenye kununua zaidi ya nusu ya chakula chake kwa jirani hana budi kukubali bei ya jirani.

Na huko kwa jirani mambo yaliharibika. Mashamba makubwa ya Malaysia hutegemea vibarua kutoka nchi za nje. Mipaka ilipofungwa vibarua wakakosekana na michikichi ikakosa wavunaji. Mwaka 2021 ukame uliipiga Kanada, mkulima mkubwa wa mbegu za mafuta. Nauli za meli zikapanda mara kadhaa. Kisha, tarehe 24 Februari, 2022, vita vikazuka Ukraine. Na Ukraine na Urusi, zikichukuliwa pamoja, ndizo zilizokuwa zikitoa zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti duniani. Mwezi wa Machi mwaka huo bei ya mafuta ya mimea katika soko la dunia ilifikia kiwango ambacho Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa halijapata kukiandika. Mwishoni mwa Aprili, Indonesia ikapiga marufuku kuuza mawese yake nje, ikaondoa marufuku hiyo mwezi wa Mei.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Lakini kusimulia yaliyotokea si kueleza sababu zake, na hapa ndipo wataalamu wa uchumi wanapotengana njia.

Wako wanaosema kwamba mgogoro ni ajali. Kwa maoni yao, uchumi wa dunia ulikuwa kama gari zima linalokwenda vyema. Likatokea jiwe barabarani, gari likayumba. Jiwe likiondolewa safari itaendelea. Mwaka 2020 jiwe hilo liliitwa Korona, mwaka 2022 likaitwa vita. Shauri lao kwa nchi kama yetu ni fupi: kopeni, subirini, na fungueni milango zaidi.

Wako wa pili, wanafunzi wa Mwingereza John Maynard Keynes, aliyeandika wakati dunia ilipokuwa katika mdororo wa miaka ya 1930. Hao husema mgogoro huja pale watu wanapoogopa kutumia fedha. Kiwanda hukosa wanunuzi, kikapunguza wafanyakazi. Wafanyakazi waliopunguzwa hukosa fedha za kununua, na kiwanda cha pili kikafungwa. Dawa yake ni serikali kutoa fedha. Nchi tajiri zilifanya hivyo mwaka 2020 na 2021, zikamwaga matrilioni ya dola kwa raia na makampuni yao, na kwao dawa ilisaidia. Lakini sisi hatuchapishi dola. Bei zilipowapanda, Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri mwezi wa Machi 2022 hadi kupita asilimia 5 mwaka 2023. Fedha za kigeni zikakimbilia kwao, na mwaka huo huo wa 2023 wafanyabiashara wa Tanzania wakahangaika kutafuta dola za kuagizia bidhaa. Tiba ya tajiri ikageuka kuwa homa ya maskini.

Wako wa tatu. Hao hufuata njia iliyofunguliwa na Karl Marx, aliyetoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake juu ya mtaji mwaka 1867. Wao husema mgogoro si ajali inayoujia ubepari kutoka nje, bali ni tabia yake wenyewe, kwa kuwa ubepari huzalisha kwa ajili ya faida wala si kwa ajili ya haja za watu. Mahali penye faida mtaji hurundikana hadi bidhaa zikose mnunuzi. Mahali pasipo na faida, watu wanaweza kufa njaa karibu na ghala lililojaa. Walter Rodney, aliyefundisha Mlimani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972 jinsi utajiri wa Ulaya na ufukara wa Afrika ulivyozaliwa pamoja. Issa Shivji, mwaka 1976, alitutaka tuangalie pia ndani ya nyumba yetu, tuone ni tabaka gani miongoni mwetu linalonufaika. Samir Amin wa Misri, aliyefariki mwaka 2018, alisema nchi zilizo pembezoni mwa uchumi wa dunia hazina budi kujinasua. Na kujinasua si kufunga milango, bali ni kuyafanya mahusiano na ulimwengu yafuate mahitaji ya ndani badala ya mahitaji ya ndani kufuata ulimwengu.

Sisi hatumtaki msomaji aikubali nadharia hii ya tatu kwa sababu tu inatamkwa kwa sauti kubwa. Nadharia ni kama jembe: hujaribiwa shambani. Basi na tuingie nayo shambani, hapa hapa Kanda ya Kati, na tuanze na historia.

Hii si mara ya kwanza kwa maradhi ya dunia na misukosuko ya dunia kufika kwetu zikiongozana. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita katika nchi hii yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, wazee wa Ugogo, nchi ambayo Manyoni ni sehemu yake, waliiita Mtunya. Mwishoni mwa mwaka 1918 homa ya mafua iliyoenea dunia nzima ikawakuta watu hao hao, wamekwisha dhoofu. Maradhi yaliua, lakini waliotangulia kuwanyima watu nguvu ya kuyahimili walikuwa ni wanadamu wenye bunduki na madaftari.

Miaka ya mwanzo ya 1930, bei za mazao zilipoporomoka katika masoko ya ulimwengu, serikali ya mkoloni iliendesha kampeni ya kuwahimiza wakulima wa Tanganyika walime zaidi, ili kodi ipatikane. Yaani bei inashuka, na mkulima anaambiwa aongeze jasho ili afidie shimo ambalo hakulichimba yeye.

Kisha ukaja mwaka 1947. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na watu wake wanapimiwa mafuta kwa kadi. Serikali yao ikaamua kulima karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa azma ya kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Wazo lenyewe lilitoka kwa mkuu wa kampuni ya United Africa, tawi la Unilever, watengenezaji wa siagi ya mimea na sabuni. Matrekta yakaletwa, vichaka vikafyekwa, na udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu kama saruji. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulikwisha vunjwa, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Msomaji azingatie: tatizo lilikuwa ni uhaba wa mafuta Uingereza, na ardhi iliyotafutiwa jawabu ilikuwa yetu. Hakuna aliyeuliza kama mtu wa Kongwa ana mafuta ya kupikia.

Sasa turudi kwenye alizeti yetu. Mwezi wa Juni 2021, bei zikiwa zinapanda, Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, alifika Singida akakutana na wadau wa alizeti. Singida, Dodoma na Simiyu zikatajwa kuwa mikoa ya mkakati. Mbegu bora ikahimizwa, maana mkulima wetu kwa miaka mingi amekuwa akirudia mbegu ya Record aliyoihifadhi mwenyewe hadi imechoka. Wakulima waliitikia. Walipanua mashamba, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na kwa sababu Serikali iliwaambia kuwa Taifa linawahitaji. Wito huo ulikuwa sahihi, nasi tuliuunga mkono.

Lakini mwaka 2022 kilio cha mlaji mjini kilikuwa kikubwa, na Serikali, kwa nia njema ya kumwokoa, ikalegeza masharti ya kodi kwa mafuta yanayotoka nje. Mara bei ya dunia nayo ikaanza kushuka kutoka kile kilele cha Machi. Mawese ya bei nafuu yakaingia bandarini wakati alizeti iliyopandwa kwa wingi inaivishwa na jua la Iramba na Ikungi. Mwaka 2023 bei ya alizeti ikaporomoka. Wakulima na wakamuaji wakalalamika hadharani, na bajeti ya mwaka 2023/24 ikaja na hatua za kuurudisha ulinzi. Kwa aliyekwisha kuuza magunia yake ili alipe ada ya mtoto, hatua hizo zilifika jioni ya mnada.

Tuzipime basi zile nadharia. Kama mgogoro ni ajali tu, ajali ilipokwisha mkulima angepona. Hakupona: bei ilipopanda aliumia kama mlaji, na iliposhuka akaumia kama mzalishaji. Kama mgogoro ni upungufu wa fedha mifukoni, dawa ingekuwa kugawa fedha. Lakini kila shilingi iliyoongezwa ingekwenda kununua mawese ya nje. Ni nadharia ya tatu pekee inayoeleza jambo hili ambalo kila mkulima wa Mtinko analijua bila kulisoma: bei ya alizeti yake haitoki Mtinko. Hutoka katika soko la mawese la Kuala Lumpur na soko la soya la Chicago, ambako mazao ambayo hayajavunwa huuzwa na kununuliwa mara nyingi kwa siku na watu ambao hawatayaona kamwe. Kwa Kiswahili chetu kazi hiyo tuliipa jina zamani: ulanguzi. Na wakati mama lishe anapunguza maandazi, kampuni ya ADM ya Marekani, mojawapo ya vigogo vya biashara ya nafaka na mbegu za mafuta, ilitangaza kwa mwaka 2022 faida ambayo haijapata kuipata katika historia yake. Maradhi na vita havikuziondoa faida; vilizihamisha.

Hata hivyo, tutakuwa wanafiki tukiishia kwa mabeberu. Anayekwenda na lumbesa kijijini si mtu wa Chicago. Ni mwenzetu, tunaswali naye msikiti mmoja na kukaa naye mkutano mmoja wa Chama. Tangu utotoni, chuoni, tulifundishwa kwamba apunjaye mizani ana hesabu nzito mbele ya Mola. Lakini gunia la kilo zilizozidi bado linaitwa gunia, nasi viongozi tunalipita barabarani bila kusema neno. Vivyo hivyo hakuna bepari wa nje aliyetulazimisha tupange ushuru wakati usiofaa. Mkulima wa Singida ana msimu mmoja tu wa mvua. Hupanda baada ya mwaka mpya na kuvuna kuanzia Mei. Mwezi wa Juni, bajeti inaposomwa, mbegu yake imekwisha kuwa gunia. Ushuru ukibadilishwa siku hiyo, yeye hawezi kubadilisha kitu. Alipanda chini ya sheria moja, na anauza chini ya sheria nyingine. Mwagizaji wa mawese, kinyume chake, anaweza kupiga simu jioni ile ile.

Wapo watakaotuuliza: mnataka ushuru mkubwa ili mfanyakazi wa mjini anunue mafuta ghali? Swali hilo ni la haki, wala hatulikwepi. Ushuru peke yake hulipwa na maskini wa mjini kumsaidia maskini wa shamba, na tajiri wa katikati huchukua njia panda. Wapo pia watakaosema tulikwisha jaribu kujitegemea, tukaona maduka matupu. Ni kweli, miaka ya mwanzo ya 1980 foleni zilikuwa ndefu. Lakini wasisahau kupanda kwa bei ya mafuta ya petroli mwaka 1973 na 1979, vita vya Kagera, na kushuka kwa bei ya mazao yetu. Mwalimu alikuwa akitoa mfano wa trekta lililohitaji mkonge mwingi zaidi kila mwaka ili linunuliwe. Kujitegemea hakukushindwa kwa kuwa ni wazo baya. Kulikwama pale tulipotangaza viwanda bila mbegu, na ushirika bila uaminifu.

Kwa hiyo shauri letu ni la mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, ushuru wa mafuta ya kula utangazwe kabla ya mvua za kwanza, na ukishatangazwa udumu kwa misimu mitatu bila kuguswa. Mkulima ajue kabla ya kushika jembe. La pili, mbegu bora ifike kijijini mwezi wa Novemba, siyo Februari, na kwa bei anayoiweza. Ekari ikitoa magunia mengi zaidi, mafuta yatashuka bei kwa mlaji bila mkulima kunyonywa, na mashine zetu za kukamua, ambazo sasa husimama miezi mingi kwa kukosa mbegu, zitafanya kazi. Hapo ndipo haki ya mjini na haki ya shamba zinapokutana. La tatu, vyama vya ushirika vya msingi vikusanye alizeti ghalani na kuuza kwa mizani. Wakulima wa korosho kusini walianza kutumia stakabadhi ghalani mwaka 2007. Makosa yao na mafanikio yao yote ni shule kwetu. La nne, Taifa liwe na akiba ya mafuta ya kula kama lilivyo na akiba ya nafaka, inunuliwe wakati wa mavuno na kufunguliwa wakati wa dhiki. Nabii Yusuf aliwawekea watu wa Misri akiba katika miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya ukame. Hakuwaambia waangalie bei ya ng'ambo.

Mwezi wa Oktoba 2021 Taifa lilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za Korona, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na madarasa yapatayo 15,000 yakajengwa. Watoto wa Singida wanasoma humo, na tunashukuru. Lakini mkopo hulipwa kwa dola, na dola hupatikana kwa kuuza nje au kwa kuacha kununua nje kile tunachoweza kukizalisha. Kila dumu la alizeti linalochukua mahali pa dumu la mawese ni sehemu ya malipo ya darasa lile. Mwalimu wa siasa akitaka somo la uchumi wa dunia, somo hilo limekaa dirishani.

Maradhi mengine yatakuja, na vita vingine vitakuja, hayo hatuyazuii. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba yakija hayatukuti tukisubiri kuambiwa bei ya kitu tunachokilima wenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na huyu wa Chicago hata ndugu si wetu.